Muhogo wa Mgeni na Wali wa Meli

Kaskazi imeshaingia, jua ni kali, na kwetu jiko limehamia uani. Asubuhi tunakula muhogo wa nazi na samaki, mchana watoto wanashindana kula embe mbichi kwa chumvi na pilipili mpaka midomo inawawasha, jioni shelisheli la kuchoma. Karibu vyote vinatoka shambani kwetu au hapo hapo uani, na hatuchoki. Lakini akija mgeni wa heshima tunakimbilia dukani kununua mchele. Hata wateja wetu wanaokuja kushonesha, tukiwakaribisha muhogo, hucheka: "Leo mna shida?" Kwa nini chakula tukipendacho tunakionea haya?

Mchele wenyewe si mgeni visiwani. Kule Pemba, waliochimba mambo ya kale Tumbe walikuta mabaki mengi ya uwele, na katika mji wa Chwaka, uliokuja baadaye, mpunga ndio uliozidi. Waarabu walikiita kisiwa kile Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, na Mombasa ilitegemea sana chakula cha Pemba mpaka Seyyid Said alipoitwaa kutoka kwa Wamazrui mwanzoni mwa miaka ya 1820. Naye Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kuwa Mogadishu alikaribishwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na embe. Basi dada anayetengeneza achari ya embe leo ajue kazi yake ina umri.

Muhogo ndio uliochelewa. Wenyewe na nanasi, papai na pera asili yao ni Amerika, na vilifika baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari. Shelisheli asili yake ni mbali zaidi, Bahari ya Pasifiki, ila jina tulilolipa ni la visiwa vya jirani zetu. Siku hizi nani anaviita vya kigeni?

Mambo yalibadilika ilipokuja karafuu. Inasimuliwa kuwa Seyyid Said aliamuru kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika, ikazidi kugeuzwa kisiwa cha karafuu. Visiwa vilivyokuwa vikilisha wengine vikaanza kulishwa kwa meli, mchele ukitoka India na Burma.

Na kazi ya mashamba yale ilifanywa na watumwa. Hili lazima lisemwe, maana tukizungumzia marashi ya karafuu huwa tunaliruka. Watumwa walipewa vipande vya ardhi na siku zao, kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa, walime chakula chao wenyewe, na walichokipanda zaidi ni muhogo. Bwana anakula wali ulionunuliwa kwa fedha ya karafuu, mtumwa anakula alichokichimba. Kwa maoni yetu hapo ndipo aibu ilipoingia chunguni, na haikutoka hata utumwa ulipofutwa.

Meli nazo hukwama. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, mchele uliadimika na watu wakahimizwa kulima chakula. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa na maelfu ya familia zikagaiwa eka tatu tatu. Babu yetu alikuwa mmoja wao. Juu walikuta mikarafuu na minazi, chini wakapanda migomba, muhogo na viazi vikuu, na pembeni babu akaweka mshelisheli. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikapunguza sana mchele wa kutoka nje, watu wajitegemee. Mchele ukawa wa mgao na foleni.

Bibi yetu alisimama foleni hizo na mtoto mgongoni, na siku nyingine alirudi na pakacha tupu. Mwaka ule shamba la babu ndilo lililowalisha, asubuhi muhogo, usiku muhogo. Mpaka leo haugusi. Embe atakula, shelisheli atakula, hata kisamvu anakipenda kikiungwa kwa tui zito, lakini muhogo ukiwekwa mbele yake anausukuma taratibu. "Kuleni nyinyi wajukuu, mimi wangu nimeshaumaliza." Hatumlazimishi. Kuna watu wazima kisiwani hapa ambao kwao harufu ya muhogo ni harufu ya miaka ile, na sisi tuliouzoea kwa raha hatuna haki ya kuwacheka.

Ila Ramadhani hutushangaza. Muhogo ule ule, ndizi, viazi vikuu na mashelisheli, vikitiwa tui la kwanza na kuitwa futari, ndivyo vinavyokaa mbele ya kila mgeni, tajiri na maskini. Mteja aliyetucheka kaskazi ndiye anayetuma mtoto na bakuli. Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, miaka hii imetukuta kwenye joto, maembe ya mwisho yakiwa bado yapo, na futari yote inatoka shambani isipokuwa samaki na tende. Bibi hula shelisheli lake, na sahani ya muhogo huipitisha kwa jirani yake bila kuitazama.

Shamba hilo sasa limefikiwa na barabara. Wanunuzi wa viwanja wamekuja mara mbili kuuliza bei, na baba zetu wadogo bado hawajakubaliana. Upande wanaoutaka ni ule wenye mshelisheli wa babu.