Ulipo, uliko, ulimo

Watu husema simu "inajua ulipo". Kwa simu isiyo na chipu ya GPS, kiambishi hicho, po, kinaahidi mno. Po hutaja mahali mahususi, ko hutaja upande au eneo, mo hutaja ndani. iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, haikuwa na chipu hiyo. Januari 2008 ilipoanza kumwonyesha mtu kwenye ramani, ilitegemea minara ya simu na Wi-Fi. Kila seli ya mnara ina namba yake; simu huisoma, kisha hifadhidata hueleza mnara umesimama wapi. Mjini, minara ikisongamana, eneo la kukisia huwa dogo. Kijijini mnara mmoja wa GSM waweza kufika hadi kilomita 35, na hapo jibu la haki ni "uliko", basi.

Atakayepinga atasema wasemaji wengi huchanganya po na ko na bado wanaelewana. Kweli, lakini mazungumzo yana muktadha. Nukta ya buluu kwenye ramani haina, nayo hujifanya po hata inapokuwa ko. (Duara hafifu linaloizunguka ndilo lenye ukweli, na wengi hawalitazami.) Wi-Fi ndiyo hubadilisha hesabu: simu husikia anwani za ruta zilizo jirani, bila hata kuunganishwa nazo, ikazilinganisha na kumbukumbu zilizokusanywa awali. Ndani ya jengo la maduka, ambamo mawimbi ya setilaiti hupenya kwa shida, njia hii huweza kuishinda GPS yenyewe. Hapo simu ina haki ya kudai inajua ulimo. Ila mwenye ruta akihama nayo, hifadhidata huenda ikaendelea kwa muda kumweka alikokuwa.