Mdakaji wa Pembeni: Jina la Mchezaji Anayesubiriwa

Katika futiboli ya Marekani kuna mchezaji ambaye jina lake la Kiingereza, ukilitafsiri neno kwa neno, linakuletea "mpokeaji mpana". Msomaji wa Kiswahili hapo ataona pandikizi la mtu lenye kifua na mabega. Kumbe upana unaotajwa si wa mwili wake bali wa mahali anaposimama. Kila timu huingiza wachezaji 11, na wengi wao hubanana katikati, pale mpira unapowekwa chini. Huyu hujitenga na kusimama kando, mara nyingi karibu na mstari wa pembeni, beki mmoja akimkodolea macho. Mpira ukianza, hutoka mbio kwenye njia aliyoikariri, hukata ghafla kulia au kushoto, na mrushaji mara nyingi huwa ameshauachia mpira kabla mwenzake hajageuka kuutazama.

Basi tuanze na "mpokeaji". Mpokeaji kwetu ni wa mzigo, mshahara au wageni: yuko mahali pake, kitu kinamfikia. Mchezaji huyu hafikiwi na kitu, anakikimbilia. Kitenzi kinachomfaa ni kudaka, yaani kukinyaka kitu kingali hewani. Waliocheza mdako utotoni wanaelewa: kijiwe kimoja kiko juu, mkono unakomba vingine shimoni, na kile cha juu lazima kirudi kiganjani kabla hakijagusa ardhi. Jina la mchezo wenyewe limetoka kwenye kitenzi hicho hicho. Watakaosema kwamba mdakaji ni golikipa wana hoja, lakini siku hizi kipa ana majina ya kumtosha, na hili moja halitampunguzia kitu.

Kudaka kwenyewe kuna sheria zake. Katika vyuo vikuu vya Marekani, mdakaji anayeangukia ukingoni huhesabiwa akigusa ndani ya uwanja kwa mguu mmoja. Katika ligi ya NFL lazima miguu yote miwili iguse. Kijana aliyezoea mguu mmoja hulazimika kujifunza upya namna ya kuburuza vidole vya mguu wa pili juu ya nyasi huku mwili wake umeshatoka nje. Isitoshe, tangu mwaka 1978 beki anaruhusiwa kumzuia kwa mikono ndani ya yadi 5 za mwanzo tu, na katika yadi hizo kijana hukutana na wanaume wenye nguvu ambao chuoni hakuwaona.

Kijana huyo tumwiteje? "Chipukizi" linampunja, maana kufika NFL lazima iwe imepita misimu mitatu tangu amalize sekondari, na huenda tayari amecheza mbele ya watazamaji laki moja. "Limbukeni" lina kejeli ndani yake. Mimi nachagua mwanagenzi, neno la Kiswahili cha zamani la mtu aliye katika kujifunza kazi. Na tusiseme amesajiliwa tukamaliza. Usajili tunaoujua sisi wa Simba na Yanga ni wa makubaliano. Kule kuna uteuzi kwanza. Klabu huchagua kwa zamu katika raundi 7, iliyofanya vibaya ikitangulia, na kijana hana sauti ya kusema anataka kwenda wapi. Mkataba wake ni wa miaka minne, na aliyeteuliwa raundi ya kwanza anaweza kuongezewa wa tano klabu ikitaka. Kwa hiyo shabiki humpokea mtu ambaye hakuomba kuja, na siku hiyo hiyo anaanza kumhesabia yadi.

Mfano ninaoupenda ni wa Aprili 2020. Klabu ya Minnesota ilikuwa imemwachia mdakaji wake Stefon Diggs aende ile ya Buffalo, na kati ya ilivyopata ni nafasi ya 22 katika uteuzi. Mashabiki wa Minnesota hawakuwa wanangoja mchezaji tu, walikuwa wanangoja fidia. Tena ni watu waliomwona Randy Moss mwaka 1998, mwanagenzi aliyedaka mipira 17 ya kufunga katika msimu wake wa kwanza, kwa hiyo kipimo chao kiko juu. Katika nafasi ya 21 Philadelphia, nayo yenye njaa ya mdakaji, ikamchukua Jalen Reagor kwa sababu ya kasi yake. Minnesota ikafuata ikamchukua Justin Jefferson.

Mechi mbili za kwanza Jefferson hakuanza. Ya tatu, dhidi ya Tennessee, alidaka mipira 7 yenye yadi 175, akafunga mara moja, ingawa Minnesota ilifungwa 31-30. Alimaliza msimu na mipira 88 na yadi 1,400. Reagor, aliyekosa mechi kadhaa kwa jeraha la kidole gumba, alimaliza na mipira 31 na yadi 396. Mashabiki wa Philadelphia hawajaacha kuitaja ile nafasi ya 21. Kwa haki ya Reagor niseme hivi: mdakaji hajirushii mpira, na mrushaji wao, Carson Wentz, msimu ule ule aliporomoka hadi akapoteza namba. Hata hivyo ajabu haikuishia hapo. Mwaka 2022 Reagor alihamishiwa Minnesota, akawa nyuma ya Jefferson yule yule.

Kisa hiki kinaibana pia istilahi yetu. Katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, Jefferson alisimama zaidi upande wa ndani, kati ya wale wa kati na yule wa kando kabisa, na wapo waliotilia shaka kwamba angeweza kucheza pembeni. Ukimwita "wa pembeni" kwa kila hali unadanganya. Kiingereza chenyewe kina kasoro hiyo, maana huwaita wote wawili kwa jina moja la upana, kisha kikatafuta jina jingine la yule wa ndani. Hatulazimiki kuirithi.

Ninachopendekeza ni mdakaji kwa jumla, mdakaji wa pembeni kwa anayesimama karibu na mstari, na mdakaji wa ndani kwa yule mwingine. Watangazaji na wahariri wa michezo, yajaribuni majina haya msimu ujao. "Mpokeaji mpana" lifutwe kila linapoonekana.