Mwenyeji Mchoraji, Mvamizi Mchoraji

Kila ukoo una rafiki yake mashuhuri. Wetu ni mwanamuziki ambaye, kwa maelezo ya shangazi, alikula ugali nyumbani kwa babu. Alifariki kabla sijazaliwa, lakini nausimulia urafiki huo kana kwamba nami nilinawa mikono pale mezani. Ndiyo maana kisa cha Esteban Volkov kimenikaa moyoni. Naye alirithi urafiki ambao hakuushuhudia.

Volkov alikuwa mjukuu wa Leon Trotsky, mwanamapinduzi aliyefukuzwa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1929. Babu huyo alitangatanga Uturuki, Ufaransa na Norwe hadi mchoraji Diego Rivera alipomwombea hifadhi kwa Rais Lázaro Cárdenas wa Meksiko. Tarehe 9 Januari 1937, Trotsky na mkewe, Natalia Sedova, waliteremka melini katika bandari ya Tampico. Rivera alikuwa mgonjwa, hivyo aliyekwenda kuwapokea ni mkewe, Frida Kahlo. Wageni wakapewa Nyumba ya Buluu kule Coyoacán, nyumba ya wazazi wa Frida. Novemba 7 mwaka huohuo, siku ya kuzaliwa ya Trotsky, Frida alimtunukia picha aliyojichora mwenyewe.

Ukarimu huo haukudumu. Frida na mgeni wake walikuwa wameingia katika mapenzi ya muda mfupi. Halafu siasa zikamgombanisha Trotsky na Rivera, na mapema mwaka 1939 urafiki ukavunjika. Wageni wakahamia mtaa wa Viena, si mbali na pale. Picha ya Frida waliiacha.

Esteban alifika Agosti 1939, akiwa na miaka 13. Mama yake alikuwa amejiua Berlin mwaka 1933. Kijana alikuta meza imeshaondolewa: mema ya wasanii wale yalikuwa tayari hadithi za wakubwa. Msanii aliyeingia katika maisha yake kwa kishindo alikuwa mwingine kabisa.

Alfajiri ya Mei 24, 1940, David Alfaro Siqueiros, mchoraji mkubwa wa kuta kama Rivera, aliongoza kundi la wafuasi wa Stalin waliovaa sare, wakaimiminia nyumba risasi. Trotsky na Natalia walinusurika kwa kulala sakafuni. Risasi moja ilimjeruhi Esteban mguuni. Miezi mitatu baadaye, Agosti 20, Ramón Mercader, wakala wa Stalin, alimpiga Trotsky kichwani kwa shoka la wapanda milima. Alifariki kesho yake.

Vitabu vya sanaa huwaweka Rivera na Siqueiros ukurasa mmoja, vikisifu rangi zao na mapenzi yao kwa wanyonge. Katika familia hii mmoja aliwafungulia mlango, mwingine akaja na bunduki. Na hata yule wa kwanza hakubaki alipokuwa: mwaka 1954 Rivera alirudishwa katika Chama cha Kikomunisti, na Frida, aliyefariki mwaka huohuo, alikuwa amejichora pamoja na Stalin.

Kwetu huwa tunachuja. Picha na mtu maarufu tunaitundika sebuleni, ugomvi tunaumeza. Volkov angeweza kufanya hivyo, kwani jina la Frida limekuwa dhahabu. Badala yake aliendelea kuishi Meksiko, akasomea kemia, akaitunza nyumba ya Viena hadi ikawa makumbusho mwaka 1990. Matundu ya risasi hayakuzibwa. Aliwasimulia wageni hifadhi na shambulio, vyote viwili, mpaka alipofariki mwaka 2023 akiwa na miaka 97.

Nadhani hiyo ndiyo heshima ambayo mjukuu anaweza kuupa urafiki wa wazee wake: kuusimulia pamoja na siku ulipovunjika. Stalin alikuwa na watu wa kumfutia sura asizozitaka katika picha. Familia hazihitaji kuajiri mtu. Kazi hiyo tunaifanya wenyewe, bure, tena kwa upendo.