Nukta Tatu za Babu

Babu yangu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa watu wengi wa pwani wa rika lake. Kwa p alitia nukta tatu chini ya kiti cha b. Kwa v, nukta tatu juu ya f. Mwaka 2003 nilitaka kunakili barua yake ya mwisho katika kompyuta yangu ya Linux. Nikachagua Kiarabu kwenye orodha ya lugha, na Kiarabu nikakipata kweli. Lakini Kiarabu hakina p. Pemba ikasomeka Bemba, na marehemu hakuwahi kufika kwa Wabemba.

Kosa hili lina historia yake. Jedwali la ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, lilikuwa na nafasi 128 tu. Zilitosha Kiingereza na, kwa sadfa, Kiswahili cha herufi za Kirumi. Wengine walibanana. Kule Finland, ambako Linus Torvalds alianza kutunga Linux mwaka 1991, watu walikuwa wamezoea kuyapokonya mabano nafasi zake ili wapate ä na å, hata ukifungua programu uone irabu mahali pa mabano! Yakafuata majedwali ya nafasi 256, kila moja na kundi lake la lugha. La Kiarabu, la mwaka 1987, lilipangwa kwa Kiarabu peke yake. Kiajemi, Kiurdu na Kiswahili cha babu vikabaki mlangoni.

Dawa ilikuwa jedwali moja la dunia nzima, Unicode, lililotoka mwaka 1991. Nukta tatu zimo, za chini na za juu. Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike, wakiwa mkahawani huko New Jersey, wakabuni namna ya kulitumia bila kuharibu majalada ya zamani, ndiyo UTF-8. Red Hat Linux 8.0 iliifanya kuwa kawaida yake mwaka 2002.

Basi herufi zilikuwamo mashineni mwangu siku zote. Kilichokosekana ni njia ya kidole. Mpangilio wa kibodi ya Kiajemi ukanipa p. Kwa ajili ya v nilifungua jalada la kibodi, ambalo ni maandishi ya kawaida tu, nikabadilisha mstari mmoja. Jioni ile mama alivuta kiti karibu na skrini akasoma kutoka kulia, taratibu, mpaka penye jina la Pemba. Akanyamaza kidogo, kisha akaenda chumbani kuleta barua za bibi.