Altimetria ya rada (Unguja)

Altimetria ya rada ni upimaji wa usawa wa bahari na mawimbi, hapa kuzunguka kisiwa cha Unguja, kwa setilaiti zinazotuma mapigo ya rada chini na kupokea mwangwi wake. Muda wa mwangwi kurudi huonyesha umbali hadi majini; umbo lake hutoa kimo cha mawimbi, na nguvu yake kasi ya upepo, uwe kaskazi au kusi. Kumbukumbu mfululizo zilianza na TOPEX/Poseidon, iliyorushwa 1992 na Marekani na Ufaransa, ikafuatwa na setilaiti za Jason na Sentinel-6 (2020). Njia ileile hurudiwa kila baada ya siku 10 hivi.

Ugumu uko pwani. Nchi kavu huvuruga mwangwi, na mlangobahari kati ya Unguja na bara ni mwembamba. Kupanda na kushuka kwa maji, ambako wakati wa bamvua hukaribia mita 4, lazima kuondolewe kwenye hesabu kabla ya kutafuta badiliko la milimita chache kwa mwaka. Kwa hiyo kipimamaji cha bandari ya Mji Mkongwe, chenye kumbukumbu tangu 1984, bado hakina mbadala. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, hupima ukanda mpana badala ya mstari mmoja, na hukaribia zaidi ufukwe.