Bega kwa Bega: Vijana Wetu na Ndugu wa Saint Paul

Msomaji atakayefungua kumbukumbu za sharika za Dayosisi ya Iringa tangu miaka ya mwisho ya 1980 atakutana mara kwa mara na maneno matatu: bega kwa bega. Ndilo jina la uhusiano ulioanzishwa wakati huo kati ya Dayosisi yetu, iliyo sehemu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na Sinodi ya Saint Paul ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Marekani, katika jimbo la Minnesota. Sura nyingine za kitabu hiki zimekwisha kueleza habari za wachungaji, majengo na kwaya. Sura hii inahusu sehemu moja tu ya uhusiano huo, nayo ni kusomeshwa kwa vijana wasio na uwezo.

Wenzetu wa Minnesota hulitamka jina hilo kwa Kiswahili, wala hawakuona haja ya kulitafsiri. Ni jina zuri, lakini pia ni dai kubwa. Watu wawili wanaobeba gogo bega kwa bega hulazimika kulingana kimo na mwendo. Je, inawezekanaje mmoja anapokuwa na fedha na mwingine ana orodha ya majina ya watoto wenye shida? Swali hilo limeusindikiza uhusiano huu tangu mwanzo, na kwa maoni ya mwandishi ndilo linalostahili kuandikwa zaidi kuliko idadi ya fedha zilizopokelewa.

Kumsaidia kijana wa mbali asiyejulikana kwa sura si jambo lililoanza na Wamarekani. Misheni ya Kilutheri katika nchi hii ilipokea mapema watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Kituo cha Kisarawe, kilichofunguliwa 1892, kiliwapa makao baadhi yao, na kule Lutindi katika milima ya Usambara makao ya watoto wa namna hiyo yalianzishwa 1896 kwa michango ya Wakristo wa Ujerumani. Miaka michache baadaye, watoto walipopungua, Lutindi ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Watoto wale walilishwa, wakavishwa, wakafundishwa kusoma na kufanya kazi za mikono, na hakuna sababu ya kuudharau upendo wa wale waliotoa sadaka zao. Hata hivyo mipango yote ilitoka upande mmoja. Aliyetoa ndiye aliyeamua.

Huku Nyanda za Juu Kusini wamisionari wa Berlin waliingia 1891 kupitia kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wakiongozwa na Alexander Merensky, na kutoka huko kazi ikaenea hadi Ubena na Uhehe. Jina la Pomerini, ambako leo kuna shule ya sekondari, lilitokana na Pommern ya Ujerumani. Shule za vijijini zilikwenda pamoja na mahubiri, kwa kuwa katika desturi ya Kilutheri mtu anayejiandaa kwa kipaimara alipaswa ajisomee mwenyewe.

Kisha vikaja vita viwili, na vyote viwili viliwaondoa Wajerumani. Baada ya vita vya kwanza Waskoti wa Livingstonia walitazama baadhi ya vituo hivyo mpaka Waberlin waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya pili vilipowaondoa tena, Waluteri wa Marekani na wa Sweden walikuja kusaidia misheni ambazo katika lugha ya siku zile ziliitwa yatima. Lakini waliozishika sharika siku kwa siku walikuwa walimu na wainjilisti wetu, wengi wao wakiwa na mshahara mdogo au bila mshahara wowote. Jambo hili hutajwa upesi mno katika vitabu vya historia. Sharika zetu zilijifunza kuendesha mambo yao katika miaka ambayo hapakuwa na mfadhili wa kutegemewa, na somo hilo halikupatikana kwa hiari.

Wamarekani waliokuja wakati huo walikuwa wa Sinodi ya Augustana, kanisa la wahamiaji wa Kisweden lililokuwa na washarika wengi Minnesota. Augustana iliunganika na makanisa mengine 1962, na muungano mwingine ukazaa kanisa la sasa la ELCA, lililoanza kazi 1988. Kwa hiyo barua za kwanza kati ya Iringa na Saint Paul zilipoandikwa, hazikuandikwa kati ya wageni kabisa.

Katikati ya hayo kulikuwa na mabadiliko makubwa hapa nyumbani. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT. Azimio la Arusha la 1967 lilifanya neno kujitegemea liwe la kila siku, hata katika vikao vya wazee wa kanisa. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za makanisa chini ya serikali. Mwaka 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, lililokutana Lusaka, liliunga mkono wito wa kusitisha kwa muda fedha na wamisionari kutoka ng'ambo, ili makanisa ya Afrika yajitambue. Wito huo haukutekelezwa kwa ukamilifu mahali pengi, lakini uliacha alama. Baada yake haikuwa rahisi tena kwa mtu mwenye heshima zake kusimama mbele ya wageni na kuomba tu.

Hata hivyo hitaji lilikuwa wazi. Elimu ya msingi ilienea sana wakati wa Mwalimu Nyerere, ila nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kati ya watoto kumi waliomaliza darasa la saba hata mmoja hakuwa na uhakika wa kwenda kidato cha kwanza. Serikali ilipolegeza masharti ya shule binafsi, wazazi na makanisa walianza kujenga. Watu walifyatua matofali, wakasomba mchanga na mawe, wakatoa mahindi yauzwe ili kununua bati. Shule za Pomerini, Image na Bomalang'ombe ni miongoni mwa zile ambazo Dayosisi ya Iringa imeziendesha. Tatizo likageuka sura: jengo lilikuwepo, mwalimu alikuwepo, lakini mtoto wa mjane hakuwa na ada.

Hapo ndipo Bega kwa Bega ilipopata kazi yake. Askofu Owdenburg Mdegella, aliyeiongoza Dayosisi kwa takriban miongo mitatu, aliulea uhusiano huu kwa upande wetu. Kwa upande wa Saint Paul maaskofu walifuatana, mmoja wao akiwa Mark Hanson, aliyeiongoza sinodi ile kuanzia 1995 hadi 2001, kisha akawa Askofu Kiongozi wa ELCA na baadaye Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Lakini maaskofu peke yao hawakuufanya uhusiano udumu. Uliodumisha ni mpango wa usharika kwa usharika. Kila usharika wa kule ulioingia katika mpango ulipewa mwenzake huku, wakaombeana kwa majina, wakaandikiana na kutembeleana.

Ufadhili wa wanafunzi ulijengwa juu ya msingi huo. Washarika wa Marekani walichanga fedha za mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, zikapitia ofisi ya Dayosisi na kufika shuleni, badala ya kukabidhiwa mtoto au mzazi mkononi. Utaratibu huu uliwaudhi baadhi ya wageni waliotaka kumpa mtoto fulani waliyempenda, na uliwaudhi pia baadhi ya wazazi wetu waliodhani ofisi inawachelewesha. Mwandishi anaona ulikuwa utaratibu wa busara. Fedha inayotoka mfukoni mwa mgeni hadi mkononi mwa familia moja huvunja ujirani wa kijiji kizima, na mwaka unaofuata wageni wanapofika, kila mtoto ana hadithi yake ya kuomba.

Kazi ngumu ilibaki kwetu, nayo ni kuchagua. Ni nani mhitaji pale ambapo karibu wote ni wahitaji? Wazee wa usharika, mwinjilisti wa mtaa na walimu ndio waliozijua nyumba: kwa nani kuna chakula cha msimu mmoja tu, nani analelewa na bibi, nani baba yake yupo lakini pombe imemshinda. Ujuzi huo haukuweza kununuliwa Minnesota kwa bei yoyote. Ndio uliokuwa mchango wetu mkubwa, na ndio uliotupa jaribu letu kubwa, kwa sababu mzee wa kanisa naye ana wapwa na wajukuu. Pale baraza lilipoyasoma majina hadharani na kueleza sababu, manung'uniko yalipungua. Pale majina yalipopelekwa kimyakimya, hata uchaguzi wa haki ulitiliwa shaka. Jambo jingine lilihitaji kusimamiwa kwa nguvu: wasichana. Familia yenye akiba kidogo ilimpeleka kwanza mvulana, na pasipo baraza kusisitiza, orodha nayo ingefuata mkondo huo.

Kisha UKIMWI ukaja kuzijaza orodha. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, karibu asilimia 16 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wakiishi na virusi, kiwango kilichokuwa juu kuliko mikoa mingine yote ya nchi, huku wastani wa taifa ukiwa karibu asilimia 6. Nyuma ya tarakimu hizo kulikuwa na nyumba zilizoongozwa na watoto, na mabibi waliozika wana wao na kurudi kulima kwa ajili ya wajukuu. Neno yatima, ambalo zamani lilihusu mtoto mmoja au wawili katika mtaa, likawa safu nzima katika daftari la usharika. Ndugu wa Saint Paul hawakuja na dawa ya jambo hilo. Walichofanya ni kuendelea kulipa ada, muhula kwa muhula, na kwa kijana aliyempoteza mama yake akiwa kidato cha pili, kuendelea huko kulikuwa ni kila kitu.

Haifai kuficha kwamba kulikuwa na kasoro. Sharika za Marekani hazifanani: zipo kubwa zenye uwezo, na zipo ndogo zenye wazee wengi na vijana wachache. Kwa hiyo usharika mmoja wa huku ungeweza kupata wafadhiliwa wengi na jirani yake wachache, ingawa umaskini wao ni ule ule. Mchungaji wa kule alipohama, au washarika walipopungua, mwanafunzi angeweza kubaki katikati ya masomo bila mlipaji. Barua za shukrani nazo zilikuwa na taabu yake. Mtoto aliyefundishwa kuandika kwa Kiingereza kwamba anashukuru, bila kuambiwa kwamba anaweza pia kueleza habari za kijiji chake au kuuliza habari za watu wa kule, hujifunza kuinama. Walimu waliolitambua hilo waliwatia moyo wanafunzi waandike juu ya mavuno, mvua, kaka na dada zao, na juu ya nyimbo. Barua hizo ndizo zilizopata majibu marefu.

Ziara zilisaidia kusawazisha mabega. Mgeni aliyelala katika nyumba ya mwinjilisti, akala ugali na mboga za majani, akashuhudia mnada baada ya ibada ambapo yai moja huuzwa mara tatu na kurudishwa ili liuzwe tena, alirudi kwao akijua kwamba watu hawa hawangoji kutolewa. Wachungaji na washarika wetu waliokwenda Minnesota nao waliona makanisa yenye viti vitupu, na wazee wanaoishi peke yao. Waliombwa kuhubiri, na waliombwa kuombea vijana wa kule ambao hawaonekani tena ibadani. Hapo ndipo baadhi yao walipotambua kwamba kijana anayehitaji kusaidiwa hapatikani upande mmoja tu wa bahari.

Mazingira ya ufadhili yamebadilika sana. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mpango wa maendeleo ya sekondari wa 2004 ukaleta shule za kata, ambako ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka wa fedha 2022/23 nafuu hiyo ilifika kidato cha tano na cha sita. Wapo waliouliza kama ufadhili bado una kazi. Wazazi wanajua jibu, kwani sare, madaftari, nauli, chakula na godoro la bweni havikufutwa pamoja na ada, na msichana anayetembea kilomita nyingi kufika shule ya kata ana hatari zake njiani. Shule za kanisa bado hulipisha, kwa kuwa walimu wake hulipwa kwa ada hizo. Chuo Kikuu cha Iringa, kilichoanza katika miaka ya 1990 kama chuo cha Tumaini na kupata jina lake la sasa 2013, kiko mlangoni petu, na wapo wanaofaulu kidato cha sita wasioweza kukifikia. Wapo pia wasiofaulu kidato cha nne, ambao wanahitaji ufundi wa cherehani, useremala au umeme. Hao ndio wanaosahaulika upesi zaidi, kwa sababu picha ya mwenye kushindwa mtihani haipendezi katika barua inayopelekwa ng'ambo.

Katika sharika kadhaa sasa baraza la wazee hutenga sehemu ya mavuno kwa ajili ya wanafunzi kabla orodha yoyote haijapelekwa Dayosisini. Kiasi chake ni kidogo kikilinganishwa na kinachotoka Minnesota. Hutangazwa ibadani pamoja na fedha za wageni, katika taarifa moja, na mtunza hazina husoma mafungu yote mawili kwa sauti ile ile.