Safu ya Lugha: Dini na dhehebu

Binti wa Kilutheri akiolewa na Mkatoliki na kuhamia kanisa la mumewe, mitaani husemwa "amebadili dini". Hajabadili. Dini yake ni Ukristo ule ule. Alichobadili ni dhehebu. Neno hili tumelipata kwa Kiarabu, madhhab, kutokana na kitenzi chenye maana ya kwenda: ni njia ya kuiendea dini, si dini yenyewe. Waislamu hulitumia sawasawa, kwani Mshafii na Mhanafi hawaitani watu wa dini mbili.

Kosa hili linaniuma, maana huwatenga ndugu. Biblia inasimulia kwamba kule Antiokia, mtume Petro alipojitenga na meza ya Wakristo wasiotahiriwa, mtume Paulo alimkabili mbele ya wote: kilichowaunganisha ni kumwamini Kristo, si kuishika sheria ya Musa. Na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu huhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa neema, kwa njia ya imani. Wahariri na washereheshaji wa harusi, tafadhali semeni: "amehamia dhehebu lingine".